John Newton: Ushuhuda Uliochukua Miaka 40



Ule wimbo wa neema ya ajabu tumeuimba mazishini, harusini na kwenye mikutano ya injili. Mara nyingi, kabla ya kuuimba, mtu husimama akatoa habari za mtunzi wake: alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, akapatwa na dhoruba, akaokoka, akaiacha biashara ile mara moja, akatunga wimbo. Ni hadithi tamu, tena fupi. Lakini mambo hayakwenda hivyo. Kwa kuwa katika jubilii hii sisi nasi tunasimulia tulikotoka, inafaa tuisome habari yake yote.

John Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara. Mama yake, mcha Mungu, alimfundisha Maandiko na nyimba za Isaac Watts, akafariki kabla mtoto hajatimiza miaka 7. Alipofika miaka 11, John aliingia baharini pamoja na baba yake, na yale mafundisho ya mama akayaacha kidogo kidogo.

Mwaka wa 1744 alikamatwa kwa nguvu akaingizwa katika jeshi la wanamaji la Uingereza. Alijaribu kutoroka, akashikwa, akachapwa viboko na kushushwa cheo. Baadaye alihamishiwa meli ya watumwa iliyokuwa ikienda Afrika Magharibi. Huko, kwenye visiwa vilivyo karibu na Sierra Leone, aliishi chini ya mfanyabiashara mmoja wa watumwa. Aliugua, akalala njaa, akadharauliwa na kila mtu. Waliomhurumia ni watumwa waliofungwa minyororo, ambao walimletea kwa siri sehemu ya chakula chao wenyewe. Tafadhali likumbukeni jambo hili.

Baba yake alituma watu wamtafute, na meli iitwayo Greyhound ikamchukua. Mwezi wa Machi 1748, walipokuwa wakirudi nyumbani, dhoruba kali iliivunja meli upande mmoja. Mabaharia walipiga pampu hadi nguvu zikawaishia, na Newton, aliyekuwa amezoea kulitukana jina la Mungu, akajikuta akiomba rehema. Wiki chache baadaye walifika Ireland. Siku ile ya dhoruba aliikumbuka kila mwaka maisha yake yote.

Hapa ndipo tumezoea kuikatiza hadithi. Lakini mwaka huo huo Newton alirudi baharini katika meli ya watumwa. Kuanzia 1750 hadi 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha. Siku za Jumapili aliongoza ibada na mabaharia wake, huku chini ya sitaha wanaume, wanawake na watoto wakiwa wamelazwa katika minyororo. Walikuwa ndugu wa wale waliomlisha. Alipoacha bahari mwaka wa 1754, kilichomwachisha ni ugonjwa wa ghafla.

Mwaka wa 1764 alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka huo huo akawekewa mikono kuwa kasisi, akapelekwa Olney, mji wa watu maskini, wengi wao wafumaji wa lesi. Kitabu hicho kilisomwa sana. Kilieleza jinsi Mungu alivyomtafuta mpotevu mmoja, na hayo yalikuwa kweli. Ila biashara ya watumwa hakuilaani humo.

Siku ya kwanza ya mwaka 1773 alihubiri kutoka 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapoketi mbele za Bwana na kushangaa jinsi alivyofikishwa hapo alipo. Inaaminika kwamba ule wimbo wetu aliutunga uendane na mahubiri hayo. Ulichapishwa mwaka wa 1779 katika kitabu cha nyimba alichotoa pamoja na rafiki yake, mshairi William Cowper. Hata wakati huo, hakuwa ametamka lolote hadharani juu ya watumwa.

Mwaka wa 1785, Newton akiwa kasisi London, mbunge kijana aitwaye William Wilberforce alimjia kwa siri kuomba ushauri. Newton alimsihi abaki Bungeni amtumikie Mungu huko. Kisha mwaka wa 1788, miaka 40 baada ya dhoruba, mzee akaisimulia upya habari yake katika kijitabu kuhusu biashara ya watumwa. Safari hii waliokuwa chini ya sitaha waliingia katika ushuhuda. Alieleza walivyobanwa na walivyoteswa, akakiri waziwazi kwamba yeye alishiriki na kwamba amechelewa kusema. Alitoa ushahidi pia mbele ya kamati ya Bunge. Sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo ilipitishwa Machi 1807. Newton alifariki Desemba mwaka huo, macho yakiwa yamepoteza nuru.

Habari hii imetugusa hata sisi. Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kundi la makasisi ambalo mazungumzo yake yalizaa CMS mwaka wa 1799. CMS ndiyo iliyomtuma Krapf, akafika Mombasa 1844, na ndiyo iliyoanzisha Frere Town mwaka wa 1875, ambako watumwa waliokombolewa walijenga maisha mapya na kanisa.

Wapendwa, ushuhuda mfupi humfurahisha msikilizaji, lakini huweza kumwacha mtu nje. Tunapowasimulia vijana wetu habari za kwaya hii, tusitaje tu vikombe tulivyoshinda na kanda tulizorekodi. Tuwataje pia walioondoka kwa uchungu, waliopika na kushona sare bila kusimama mbele hata siku moja, na wale ambao hatujawaomba msamaha. Nao ni sehemu ya wimbo wetu.

Newton mwenyewe aliandika maneno ya kuwekwa kwenye kumbukumbu yake kanisani. Angeweza kuanza na ukasisi na nyimba. Alitaka watu wasome kwanza kwamba alikuwa mtu asiyeamini, mtumishi wa watumwa Afrika, ndipo wasome kwamba alisamehewa.

Katibu wa Kwaya