Ghala na Kinu: Maisha ya Charles Babbage na Somo la Sehemu za Kompyuta

Mwalimu mwanafunzi anapopewa somo la sehemu za kompyuta, mara nyingi huchora ubaoni masanduku manne, huyapa majina, kisha huwaagiza watoto wayanakili. Watoto hunakili vizuri. Lakini wakiulizwa ni kitu gani kitokacho sanduku hili kwenda lile, na kwa amri ya nani, darasa zima hunyamaza. Hali hiyo tumeiona mara nyingi katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo tumeona heri tuwaeleze wanachuo habari za mtu aliyeyafikiri masanduku hayo zamani, kabla mashine yoyote ya kukokotoa haijaendeshwa kwa umeme, kwani yeye hakuanza na majina. Alianza na kazi.

Charles Babbage alizaliwa London, Uingereza, tarehe 26 Desemba 1791. Baba yake alikuwa mwenye benki, hivyo kijana hakuijua dhiki. Mwaka 1810 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwa amekwisha kujisomea hisabati nyingi. Mwaka 1812, yeye na rafiki zake, miongoni mwao John Herschel na George Peacock, waliunda chama cha kudai kwamba hisabati ifundishwe kwa njia mpya zilizokwisha kuenea Ufaransa na kwingineko Ulaya. Naam, mtu huyu aliingia katika historia kwa ubishi juu ya mbinu za kufundisha! Mwaka 1814 alimwoa Georgiana Whitmore, na mwaka 1816 alipokelewa katika Royal Society.

Siku zile mabaharia, wanajimu na wenye benki walitegemea vitabu vya majedwali ya namba. Namba hizo zilikokotolewa kwa kalamu na watu ambao kwa Kiingereza waliitwa kompyuta. Jina hilo lilikuwa la binadamu kabla ya kuwa la mashine. Kosa liliweza kuingia mkokotoaji alipochoka, au mnakili alipopitiwa, au mpiga chapa alipochukua tarakimu isiyo yake. Nahodha aliyepotoshwa na tarakimu moja tu aliweza kuipandisha merikebu mwambani pamoja na watu wake wote. Mwaka 1821 Babbage na Herschel walikuwa wakilinganisha majedwali ya nyota, na makosa yalizidi hata Babbage akatamani hesabu zile zifanywe kwa nguvu za mvuke.

Njia aliyoichagua inaweza kufuatwa hata na mtoto wa darasa la nne. Andika ubaoni 1, 4, 9, 16, 25. Tofauti zake ni 3, 5, 7, 9. Na tofauti za tofauti hizo ni 2 daima. Ukitaka namba inayofuata, jumlisha 2 na 9 upate 11, kisha 11 na 25 upate 36. Hukuzidisha popote. Gurudumu lenye meno haliwezi kufikiri, lakini kujumlisha laweza, na Babbage alitaka mashine yake ikokotoe na kutayarisha chapa yenyewe, pasiwe na mkono wa mtu katikati.

Serikali ya Uingereza ilianza kumsaidia mwaka 1823, na fundi Joseph Clement akashika kazi. Mashine nzima ingehitaji vipande vipatavyo 25,000. Mwaka 1832 sehemu ndogo iliunganishwa, nayo ilifanya kazi barabara. Lakini mwaka uliofuata Babbage na Clement waligombana juu ya malipo na mahali pa karakana, na kazi ikasimama. Kabla ya hapo, mwaka 1827, alikuwa amefiwa na baba yake, mkewe na watoto wao wawili. Mwaka 1828 alipewa kiti cha uprofesa wa hisabati Cambridge, akakikalia hadi 1839 bila kufundisha darasa. Katika hilo hatumpendekezi kwa wanachuo wetu.

Mwaka 1834 wazo kubwa zaidi lilimjia. Mashine ya kwanza ilijua hesabu za aina moja tu. Je, haiwezekani kuunda mashine ifanyayo hesabu yoyote itakayoagizwa? Ili kulijibu swali hilo, Babbage alitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganyika: mahali pa kuweka namba na mahali pa kuzishughulikia. Pa kwanza alipaita ghala, na pa pili kinu. Maneno hayo aliyatoa katika viwanda vya nguo vya Uingereza, ambako pamba hutolewa ghalani, hupelekwa mitamboni, na uzi hurudishwa ghalani. Mtoto wa kijijini aliyewahi kutumwa na mahindi kinuni hana haja ya kuelezwa zaidi. Kinu hakihifadhi mahindi, wala ghala halisagi.

Ghala lilikuwa safu za magurudumu, kila safu ikishika namba moja, na Babbage alifikiria safu mpaka 1,000. Kinu kilijumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Jambo lililomsumbua sana ni kuhamisha kumi. Jumlisha 1 na 9,999 uone jinsi kumi inavyohama kutoka safu hadi safu. Mashine inayosubiri kila gurudumu limsukume jirani yake huchelewa. Baada ya majaribio mengi alipata njia ya kuhamisha kumi zote kwa pamoja. Lakini ni nani angekiambia kinu nini cha kufanya? Hapo Babbage aliazima kadi zilizotobolewa matundu, ambazo Mfaransa Jacquard alizitumia kuongoza mitambo ya kufumia hariri. Kadi za aina moja zilitaja tendo, na za aina nyingine zilitaja safu ya ghala. Majibu yangetoka yamechapwa.

Somo hili tumelijaribu darasani pasipo kompyuta hata moja, nalo hupendeza. Watoto sita wasimame ukutani, kila mmoja na kibao cha namba: hao ni ghala. Mmoja akae mezani na chaki: huyo ni kinu, naye haruhusiwi kukumbuka chochote baada ya kutoa jibu. Mwingine asome kadi moja moja kwa sauti, wa tatu akimbie na namba, wa nne aandike jibu la mwisho ubaoni. Wafanye 12 na 8 kujumlishwa, kisha jibu lizidishwe kwa 5. Kinu kitapata 20, na 20 hiyo lazima irudi ghalani kabla kadi inayofuata haijasomwa. Siku moja mkimbiaji wetu aliisahau njiani, na kinu kikakaa bure. Darasa likacheka, na hapo ndipo walipofahamu kwa nini njia ya kupitishia namba ni sehemu ya mashine. Majina yaandikwe baada ya mchezo: ghala ni kumbukumbu, kinu ni kichakataji, kadi ni programu, mwandishi ni printa au skrini. Tofauti moja isifichwe: katika kompyuta za leo programu huwekwa kumbukumbuni pamoja na namba, jambo lililotendeka kwa mara ya kwanza katika mashine ya Manchester mwezi Juni 1948.

Kinu cha Babbage kingeweza pia kutazama kama jibu limeshuka chini ya sifuri, na kwa kufuata hilo kurudisha kadi nyuma au kuruka mbele. Mwaka 1840 alikwenda Turin kuwaeleza wataalamu wa Italia. Mmoja wao, Menabrea, aliandika maelezo yaliyotoka mwaka 1842. Ada Lovelace akayatafsiri kwa Kiingereza mwaka 1843, akiongeza maelezo yake marefu kuliko makala yenyewe. Babbage mwenyewe hakuandika maelezo yaliyo wazi hivyo. Alikuwa mwepesi wa kuvumbua na mzito wa kueleza, na kila alipokaribia kumaliza alibuni kilicho bora zaidi na kukiacha cha kwanza. Mwaka 1842 Waziri Mkuu Robert Peel alikuwa na mashine moja isiyokwisha iliyokwisha kula paundi zipatazo 17,000, na mbele yake mtu mwenye hasira akimsimulia habari za nyingine. Serikali ilijitoa. Sisi tunamwonea huruma Babbage, lakini hatuwezi kumlaumu Peel peke yake.

Alifariki London tarehe 18 Oktoba 1871, bila kuona mashine yake kubwa hata moja ikiwa kamili. Mwanawe Henry aliendelea kuchonga, na mwaka 1910 alikamilisha sehemu ya kinu pamoja na kichapaji chake. Mashine nyingine ya majedwali, ambayo Babbage aliichora kati ya 1847 na 1849, iliundwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London kwa kufuata michoro yake, na sehemu yake ya kukokotoa ilimalizika mwaka 1991. Mpini ulipozungushwa, majibu yalikuwa sahihi.