Sutherland: Aliyegundua jinsi homoni inavyobisha hodi kwenye seli

SONGEA. Mtu akimaliza sahani ya ugali hapa Songea, sukari hupanda kwenye damu, na seli za beta za kongosho hutoa insulini kuishusha. Utumbo nao hutuma homoni kuzihimiza seli hizo zitoe zaidi. Lakini homoni hizo haziingii ndani ya seli. Sasa ujumbe unafikaje?

Njia ya kupata jibu ilifunguliwa na Mmarekani, Earl Sutherland.

Maisha magumu

Alizaliwa Novemba 19, 1915, Burlingame, mji mdogo wa Kansas. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliiyumbisha familia yake, ikabidi ajisomeshe Chuo cha Washburn kwa ufadhili na kwa kufanya kazi hospitalini. Mwaka 1942 akahitimu udaktari St. Louis, kisha akaenda vitani kama daktari wa jeshi.

Aliporudi hakuwa na uhakika: atibu wagonjwa au afanye utafiti? Mwalimu wake, Carl Cori, akamvuta maabara.

Seli zilizosagwa

Wakati huo wengi waliamini kwamba seli ikivunjwa tu, homoni haifanyi kazi tena. Huko Cleveland, Sutherland na Theodore Rall wakasaga ini, wakaweka homoni. Ikafanya kazi!

Kumbe homoni inabisha hodi tu kwenye utando wa seli. Hapo kuna kimeng'enya kinachoamka na kutengeneza molekuli ndogo iitwayo cAMP. Hiyo ndiyo inayopeleka ujumbe ndani, kwa hiyo ikaitwa mjumbe wa pili.

Wapo waliotia shaka: molekuli moja itabebaje ujumbe wa homoni nyingi tofauti? Ushahidi ulizidi kujaa, na mwaka 1971 akapewa Nobel ya tiba, peke yake.

Alichoacha

Sutherland alifariki Miami, Machi 9, 1974, akiwa na miaka 58. Watafiti waliofuata walionyesha kuwa ndani ya seli za beta, cAMP huamsha vimeng'enya vingine na insulini hutoka kwa wingi sukari inapokuwa juu.

Sindano za kisukari kama semaglutide hupitia mlango huohuo: zinaiga homoni ya utumbo na kubisha hodi kwenye kongosho. Sutherland hakuishi kuziona, ila njia aliifungua yeye, kwa ini lililosagwa.