Aliyepekua Mbingu kwa Subira

Sisi watu wa visiwani, ambao wazee wetu waliyaongoza majahazi kwa nyota, tunaona ni vyema kumkumbuka Clyde Tombaugh, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1997.

Alizaliwa mwaka 1906, mtoto wa mkulima. Huko Kansas mvua ya mawe iliharibu mazao ya shamba lao, na tumaini la kwenda chuo kikuu likatoweka. Kijana yule alisugua vioo kwa mikono yake, akajiundia darubini, akachora sura za Mirihi na Mshtarii, kisha akapeleka michoro hiyo kwenye kituo cha Lowell, Arizona. Hakuwa na shahada. Wakuu wa kituo waliitazama kazi yake, wakamwajiri mwaka 1929.

Alipewa jukumu la kutafuta sayari iliyodhaniwa kuwa ng'ambo ya Neptuni. Sehemu moja ya mbingu ilipigwa picha mara mbili juu ya vibao vya kioo, siku kadhaa zikipita katikati. Tombaugh alizilinganisha picha hizo nukta kwa nukta, kwani nyota hubaki mahali pake, bali sayari huonekana imesogea. Tarehe 18 Februari, 1930, akiwa na umri wa miaka 24, aliiona nukta iliyosogea. Ndiyo Pluto.

Wengi wangalitosheka na sifa hiyo. Yeye aliendelea kupekua hadi mwaka 1943, asipate sayari nyingine. Atakaye cha mvunguni huinama. Naye aliinama hata palipokuwa patupu, akasema kwa uaminifu kwamba hakuona.

Je, alijisumbua bure? Hasha! Mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu, wakitumia darubini yenye nguvu zaidi huko Hawaii, waliona gimba dogo la barafu ng'ambo ya Neptuni. Tangu hapo yameonekana maelfu. Kwa sababu hiyo Pluto iliondolewa katika daraja la sayari kuu mwaka 2006. Wako wanaodhani heshima ya Tombaugh ilipungua. Sisi twasema ilizidi, maana alikuwa wa kwanza kubisha hodi katika eneo zima lisilojulikana.

Maofisa wetu na wazingatie mambo mawili. Kijana mwenye kazi njema mkononi asifungiwe mlango kwa kukosa cheti. Na mtumishi aliyetafuta kwa bidii, kisha akaandika katika ripoti yake kwamba hakupata kitu, asidharauliwe, kwani ametumikia ukweli kuliko yule anayejaza karatasi mafanikio yasiyokuwepo.