Kaisari: Jina la Mlango Lililogeuka Cheo

Kijana mmoja wa huku Tukuyu, aliyeingia katika Islam karibuni, alinijia baada ya sala ya Ijumaa akiwa na jambo zito moyoni. Jina alilopewa na baba yake ni Julius. Jamaa mmoja alikuwa amemwambia kwamba hilo ni jina la mpagani wa Rumi aliyejidai kuwa mzao wa mungu wa kike, na kwamba asipolitupa Islam yake haitatimia. Kwa upande wa pili mzee wake, ambaye bado ni Mkristo, alisema kuwa mwana akilitupa jina hilo atakuwa amemtupa na yeye aliyempa. Swali lake lilikuwa la haki, wala halikuwa la kujibiwa kwa neno moja. Nikamwomba aketi, nikamsimulia habari za mwenye jina, nazo ndizo ninazowaletea wasomaji wetu.

Gaius Julius Caesar alizaliwa katika mji wa Rumi mwaka 100 K.K. (yaani kabla ya Kristo). Gaius ndilo lililokuwa jina lake yeye mwenyewe, Julius lilikuwa la ukoo, na Caesar lilikuwa la mlango wake katika ukoo huo. Maana ya hilo la mwisho iliwashinda hata Warumi wenyewe. Wengine walisema babu mmoja alizaliwa akiwa na nywele nyingi. Wengine kwamba alikuwa na macho ya rangi ya kijivu. Wengine kwamba alimwua tembo, ambaye kwa lugha ya watu wa Afrika ya Kaskazini aliitwa kwa neno linalofanana na hilo. Wako pia waliosema kwamba babu huyo alitolewa kwa kupasuliwa tumbo la mama yake. Watu wa baadaye wakamzulia Julius mwenyewe habari hiyo ya kupasuliwa, lakini si kweli: mama yake, Aurelia, aliishi mpaka mwaka 54 K.K., na zama zile mwanamke hakupona upasuaji wa namna hiyo. Isitoshe, mlango huo ulikuwa ukiitwa hivyo zaidi ya miaka mia kabla yake. Na kama maana ni nywele, basi jina lilimkejeli, maana alikuwa na upara, naye alipenda kuuficha kwa taji la majani.

Jambo moja litamfurahisha msomaji wa Kiswahili. Warumi walilitamka jina hilo kwa K, si kwa S kama wafanyavyo Waingereza. Wagiriki waliandika Kaisar, Waarabu Qaisar, nasi tukasema Kaisari, na hivyo tuko karibu na matamshi ya kale kuliko London. Wajerumani nao waliita Kaiser. Wazee wa Rungwe waliotozwa kodi na boma la Wajerumani hapa Tukuyu, walipopaita Neu Langenburg hata walipoondolewa mwaka 1916, walikuwa wakitozwa kwa jina la mlango wa Kirumi, pasipo wao kujua. Na sidhani kama askari wa boma walijua.

Tangu ujana Julius alijua bei ya jina lake. Mwaka 75 K.K. alikamatwa na maharamia baharini. Walipotaka fidia ya talanta 20 za fedha aliwacheka, akawaambia wadai 50. Fidia ikalipwa, naye alipoachiliwa akakusanya merikebu, akawarudia, akawasulubu. Kuanzia mwaka 58 K.K. alipigana miaka minane katika nchi ya Gaul, ambayo leo ni Ufaransa na majirani zake, akaiteka yote kwa damu nyingi. Baraza la Rumi lilipomwamuru aache jeshi, aliuvuka mto Rubicon pamoja na askari wake mwezi wa Januari 49 K.K., na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Alishinda, akawa mtawala wa maisha.

Hapo ndipo ilipo ajabu ya maisha yake. Warumi walikuwa wamewafukuza wafalme wao mwaka 509 K.K., na tangu hapo neno mfalme lilikuwa tusi kwao. Julius alipoletewa taji mbele ya umati mwezi wa Februari 44 K.K. alilikataa. Haikumfaa. Tarehe 15 Machi watu wa baraza walimchoma visu 23, kwa hofu kwamba atakuwa mfalme. Alimrithisha jina mjukuu wa dada yake, Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augusto. Wakafuata Tiberio na wengine, na mwaka 41 Klaudio akalichukua jina hilo ingawa hakuwa wa mlango huo. Nero alipokufa mwaka 68 ukoo ulikwisha, jina likabaki kuwa cheo. Basi mtu aliyeuawa asiitwe mfalme, jina lake likawa kubwa kuliko la wafalme. Warusi walisema Tsar. Kaiser wa mwisho wa Wajerumani aliondoka mwaka 1918. Na Tsar wa Wabulgaria alikuwapo mpaka mwaka 1946.

Ama habari ya mungu wa kike, jamaa yule hakusema uongo. Katika mazishi ya shangazi yake, mwaka 69 K.K., Julius alijigamba hadharani kwamba ukoo wao umetoka kwa Venus. Wako pia wataalamu wa lugha wanaodhani kwamba neno Julius lina asili moja na jina la sanamu Jupiter. Mwaka 42 K.K. baraza likamtangaza marehemu kuwa mungu, na Octavian akaanza kujiita mwana wa mungu. Fedha za Tiberio, Kaisari wa wakati wa Nabii Isa a.s., zilimwita mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Mtume Muhammad s.a.w. alipompelekea Heraklio barua ya kumwita katika Islam, mnamo mwaka 628, alimwita mkuu wa Warumi tu, na yeye mwenyewe akajitaja kwanza kuwa mtumwa wa Mwenyezi Mungu.

Sikumficha kijana lolote katika hayo. Lakini nilimweleza pia kwamba Mtume s.a.w. aliyabadili majina yaliyomfanya mtu mtumwa wa sanamu, au yenye maana mbaya. Umar, Uthman na Khadija waliitwa hivyo na wazazi wa zama za ujinga, wakabaki nayo. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwakuta Waislamu wa Pakistani waitwao Qaisar, na hakuna aliyewashuku. Nchini kwetu Mwalimu Nyerere aliitwa Julius tangu ubatizo wake mwaka 1943, tena akaufasiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare juu ya Kaisari huyo. Wala simjui aliyemsikia akiitwa akakumbuka Jupiter. Mimi naona kijana anaweza kuongeza jina la Kiislamu mbele, na la baba likabaki nyuma yake. Uamuzi nikamwachia mwenyewe.

Juma lililofuata alirudi. Alikuwa amemwuliza mzee kwa nini alichagua Julius. Mzee hakuwa na habari ya Rumi wala ya Venus. Mtoto alizaliwa mwezi wa Julai, katika baridi na ukungu wa Tukuyu, na jina lilikuwa pale kwenye kalenda ukutani. Nikamwambia kwamba hata hilo ni la mtu yule yule: aliitengeneza kalenda ya Rumi kwa msaada wa Sosigenes wa Aleksandria, akaurefusha mwaka 46 K.K. ukawa wa siku 445 ili hesabu ikae sawa, na mwaka alipouawa mwezi wake wa kuzaliwa ukapewa jina lake. Kijana akacheka, akasema kwamba hata akilitupa, kila mwaka litamrudia kwa siku 31.