Charles Messier: Alitafuta nyotamkia, akatuachia orodha ya anga

Ifikapo mwishoni mwa Novemba, Kilimia huchomoza upande wa bahari mara tu jua linapozama. Wazee wetu wa Pwani walikitazama ili wajue msimu wa shamba, na jina lenyewe latokana na kulima. Lakini kwa watazamaji wa nyota kote duniani, Kilimia kina jina jingine: M45. Herufi M ni ya Charles Messier, Mfaransa aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na 45 ni nafasi ya Kilimia katika orodha yake.

Naandika habari zake kwa sababu nakutana na vijana wengi wanaopenda kutazama anga lakini hawajui waanzie wapi. Hutazama juu siku mbili tatu, huona nyota nyingi, kisha huchoka. Maisha ya Messier yana jibu lao.

Alizaliwa tarehe 26 Juni 1730 huko Badonviller, mji mdogo wa eneo la Lorraine, akiwa mtoto wa kumi kati ya kumi na wawili. Ndugu zake sita walikufa wangali wadogo, na baba yake akafariki Charles akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka 1744 nyotamkia kubwa yenye mikia sita ilionekana angani, na mwaka 1748 jua likapatwa. Kijana akavutwa na mambo ya juu.

Mwaka 1751 alikwenda Paris, wala si kwa elimu kubwa. Joseph-Nicolas Delisle, mtaalamu wa nyota wa jeshi la wanamaji, alimwajiri zaidi kwa mwandiko wake mzuri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kunakili ramani ya China. Polepole akafundishwa kutumia darubini katika mnara wa jumba la Cluny, na akafunzwa kuandika kila alichokiona: saa yake na mahali pake.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakisubiri nyotamkia ambayo Edmond Halley alitabiri ingerudi mwishoni mwa 1758. Delisle alichora ramani ya mahali itakapoonekana, na ramani hiyo ilikuwa na makosa. Messier akatafuta zaidi ya mwaka mzima pasipo pake. Aliyeiona kwanza, usiku wa Krismasi 1758, alikuwa Johann Georg Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden aliyejifundisha mwenyewe elimu ya nyota. Messier aliipata tarehe 21 Januari 1759 bila kujua kwamba ametanguliwa. Delisle akamkataza kutangaza mpaka Aprili, na alipotangaza hatimaye, baadhi ya wenzake hawakumsadiki.

Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini katika msako huohuo, Agosti 1758, Messier alikuwa ameona doa hafifu la mwanga kwenye kundi la nyota la Ng'ombe. Nyotamkia huhama usiku hadi usiku miongoni mwa nyota. Doa hili halikuhama. Tarehe 12 Septemba alipima na kuandika mahali pake, ili lisije likampotezea wakati tena. Hilo ndilo M1, ambalo leo tunaliita Nebula ya Kaa: mabaki ya nyota iliyolipuka na kuonekana na Wachina mwaka 1054.

Sisi wa Pwani tuna uhusiano na Kaa huyu wa angani kuliko tunavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kupima miale ya eksirei itokayo angani, na Kaa wa Messier yumo katika orodha yake.

Mwaka 1764 Messier aliifanya kazi ya orodha kwa bidii kubwa, akipima mahali pa madoa kadhaa katika miezi michache. Kufikia Machi 1769 alikuwa na vitu 45, Kilimia kikiwa cha mwisho. Orodha ikachapishwa na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, na kwa msaada wa Pierre Méchain ikafika vitu 103 mwaka 1781. Lengo lake halikubadilika: kuwaonya wawinda nyotamkia kwamba vitu hivi sivyo wanavyovitafuta.

Nyotamkia aligundua takriban 13, na Mfalme Louis XV alimtania kwa kumfananisha na kicheche anayezifukua mashimoni. Hata hivyo sifa hazikumkinga na misiba. Alioa mwaka 1770. Machi 1772 mkewe na mtoto wao mchanga wakafa wakifuatana kwa siku chache. Mwaka 1781 alitumbukia katika shimo la kuhifadhia barafu, akavunjika mkono, paja na mbavu, akakaa mwaka mzima bila kufanya kazi. Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Mshahara na pensheni vikakatika, akawa anaazima mafuta ya taa kwa Lalande, mtaalamu mwenzake.

Rafiki yake Bochart de Saron, hakimu aliyekuwa akimpigia hesabu za njia za nyotamkia, alitiwa gerezani. Humo humo akakokotoa njia ya nyotamkia ambayo Messier aliigundua mwaka 1793. Messier akaitafuta kwa hesabu hizo, akaipata, na habari zikapenyezwa gerezani kwamba hesabu ni sahihi. Aprili 1794 Saron akakatwa kichwa. Messier akaendelea kutazama anga.

Alifariki Paris tarehe 12 Aprili 1817, akiwa na miaka 86. Leo nyotamkia zake zimebaki katika vitabu vya historia. Orodha aliyoiandika ili watu wayaepuke madoa yale ndiyo watu wanayoifuata ili wayaone. Imeongezwa mpaka vitu 110. Astronomical League ya Marekani hutoa cheti kwa anayeona na kuandika 70, na heshima kubwa zaidi kwa anayemaliza zote. Wapo pia wanaokesha usiku mmoja wa Machi, mwezi ukiwa mwandamo, wakijaribu kuzipitia zote hadi alfajiri.

Nionavyo mimi, siri iko kwenye namba. Anga haina mwisho, na kitu kisicho na mwisho huchosha. Mtu mwenye orodha hujua usiku wa leo anatafuta nini, na kesho amebakiza vingapi. Sisi tulio karibu na ikweta tumebarikiwa zaidi, kwa sababu orodha yote hupanda juu ya upeo wetu. Tena mwezi Mei, kutoka Lamu hata Kwale penye giza, twaona kwa macho Omega Centauri, kundi la nyota ambalo Messier hakuweza kuliona akiwa Paris.

Darubini zake zilikuwa ndogo, kwa hiyo usingoje kubwa. Darubini ya macho mawili yatosha kuanzia. Tafuta M45 na M42 kuanzia Desemba, M44 mwezi Machi, M7 na M22 kuanzia Julai. Nenda mbali na taa za barabara na hoteli. Beba daftari, uandike tarehe, saa, mahali, na ulichokiona kwa maneno yako, hata kama ni ukungu tu. Ukifika vitano, tayari umeshaanza safari, na namba ya sita inakusubiri.