Kabaka Mwanga: muuaji, shujaa, au nani?



Kila tarehe 3 Juni tunamkumbuka Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Na yule aliyewahukumu je? Wengi wetu tangu katekesi tunamjua kwa sura moja tu: mfalme katili. Basi.

Mwanga alirithi kiti cha Buganda mwaka 1884, naye akiwa bado kijana. Aliwaogopa Wazungu waliokuwa wanasogelea nchi yake. Tena pale ikulu, vijana wake mwenyewe walianza kumtii Mungu kuliko yeye, wakazikataa na tamaa zake za mwili. Hofu na hasira zikazaa mauaji.

Baadaye picha ikageuka. Mwaka 1897 aliwainukia Waingereza kwa silaha, akashindwa. Mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Ndiyo maana wapo wanaomsoma leo kama shujaa aliyepinga ukoloni.

Sasa tushike ipi? Mimi naona zote mbili zina ukweli, ila tuwe makini. Kueleza kwa nini mtu ameua si sawa na kusema alikuwa na haki ya kuua. Vita ya 1897 haifuti damu ya Namugongo.

Lakini ipo picha ya tatu, ambayo haisimuliwi sana. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa Ziwa Viktoria. Mapadre Wamisionari wa Afrika wakampokea kwenye misheni yao ya Bukumbi, karibu na Mwanza. Ni shirika lile lile lililowafundisha dini kina Lwanga! Kisha Wakristo wa Buganda, waliofiwa na ndugu zao kwa amri yake, wakampigania hadi akarudi kitini. Siasa ilikuwemo, sikatai. Hata hivyo, mlango wa Bukumbi ulifunguliwa kwa mtu ambaye wangeweza kabisa kumfungia.

Mwanga alifia uhamishoni mwaka 1903, akiwa amebatizwa Danieli katika Kanisa Anglikana.

Kijana mwenzangu, yule uliyeshamaliza kumhukumu, akibisha hodi leo usiku, utafungua?

Mashahidi wa Uganda, mtuombee.