Aliuza waru yake kwa dola 150, dunia ikala chipo

Sema ukweli: ukinunua chipo, huwa unajiuliza ile waru ilitoka wapi? Basi leo kutana na Luther Burbank, jamaa wa Marekani ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu.

Alizaliwa mwaka wa 1849 Lancaster, Massachusetts, mtoto wa 13 kwa baba yake. Mzee alipofariki, Luther alitumia urithi kununua ekari 17 pale Lunenburg, akaanza kulima mboga za kuuza sokoni. Shule yake ilikuwa vitabu vya maktaba, hasa cha Charles Darwin.

Sasa elewa kitu. Waru huwa tunapanda kiazi chenye macho, na kinachoota ni pacha wa kile cha kwanza. Pacha wote wana udhaifu mmoja, ugonjwa ukiingia unafagia shamba. Lakini mara moja moja ua la waru hufunga kitunda cha kijani kama nyanya ndogo. Usikile, kina sumu. Ndani mna mbegu, na kila mbegu ni mtoto tofauti, kama vile wewe na ndugu zako.

Mnamo 1872 Burbank aliona kitunda kimoja kwenye waru aina ya Early Rose, ambayo ni nadra sana kuzaa. Akawa anakichungulia kila siku. Siku moja akakuta hakipo! Wewe ungefanyaje? Yeye alirudi kusaka chini ya mimea mpaka akakipata. Mbegu zilikuwa 23.

Alizipanda zote. Nyingi zilitoa viazi vya ovyo. Mmea mmoja ukatoa viazi vikubwa, vyeupe, laini.

Alimwendea mfanyabiashara wa mbegu, James Gregory, akitaka dola 500. Akapewa 150, pamoja na ruhusa ya kubaki na viazi kumi. Mwaka wa 1875 alihamia Santa Rosa, California, na hivyo viazi vyake. Baadaye aina hiyo ilibadilika ganda likawa la kahawia, ikaitwa Russet Burbank. Hadi leo ni kati ya viazi vinavyotegemewa sana Marekani kwa chipo.

Aliibiwa? Wakati huo hakukuwa na sheria ya kulinda mtu aliyebuni mmea. Alifariki 1926, sheria ikaja 1930. Na sikia hii: sheria hiyo iliacha nje mimea inayopandwa kwa viazi. Yaani hata angekuwa hai, waru yake isingelindwa.

Lakini hakukaa kulilia 150. Aliendelea kupanda na kuchagua mpaka akatoa aina zaidi ya 800 za matunda, maua na mboga.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina cheti cha kukuhubiria. Ila nakuuliza: kitunda chako kikianguka, utarudi kukitafuta? Na ukikiuza, utabaki na viazi kumi vyako?